Kijiti cha Mabega ya Baba Yako

Iko siku moja hainitoki kichwani, mwanangu Glody, na kila nikisikia chuma kinagonga chuma inarudi upya. Juzi uliponiuliza, "Tantine, niende sale gani ya mazoezi, ile mupya ya barabarani ao ile ya nyuma ya parokia?" nilijifanya nachambua majani ya sombe, sikukujibu. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kwako hilo ni swali la kijana anayetaka kifua na mikono, lakini katika nyumba hii swali hilo liliulizwa zamani, kabla hujazaliwa, na aliyeliuliza amekaa pale uani kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, hasemi na mtu.

Sasa kaa. Weka hiyo simu chini. Nitasema mara moja tu, kwa sababu kulisema jambo hili kunanichosha kuliko kufua nguo za nyumba nzima.

Baba yako alikuwa mwembamba kama wewe. Watu wanasema umefanana na mama yako usoni, sawa, lakini mabega hayo ni ya Dieudonné, hayo hayo. Tulitoka kaskazini tukiwa vijana, mimi dada mkubwa, yeye nyuma yangu, tukaja Kolwezi kwa sababu kila mtu alikuwa anakuja Kolwezi. Kampuni za migodi hazikutuchukua. Yeye akaingia mashimoni na wenzake wa kila pembe ya Kongo, mimi nikawa napika bukari, ugali wetu, na sombe na samaki mkavu kwa wachimbaji, kule kilimani nje ya mji.

Mwanamke hakukaribia mdomo wa shimo. Ndivyo walivyosema, kwamba mwanamke akisogea madini yanakimbia. Waliweka mstari wa mawe, na sufuria yangu ikakaa upande wa huku wa mstari. Mimi nilikuwa naona ni upuuzi, lakini waliokuwa wanasema upuuzi huo ndio waliokuwa wanakula chakula changu, basi nikanyamaza.

Baba yako alikuwa na kipaji kimoja. Alijua kufungua galeri, ile njia ya chini inayotoka kwenye shimo na kufuata madini yanakokwenda. Alikuwa analala kwa tumbo na nyundo yake na patasi, anachimba kwenda mbele, na alichimba upana wa mwili wake, hakuzidisha. Hakuna aliyezidisha. Jiwe lisilo na madini ukilitoa lazima mtu alivute kwa kamba mpaka juu, na hakuna atakayekushukuru kwa hilo. Kwa hiyo galeri ilikuwa na kipimo cha yule aliyeifungua. Mwingine akitaka kuingia, lazima awe na mwili kama wake.

Ndiyo maana kulikuwa na kijiti. Siku galeri inafunguliwa walikata kijiti sawa na mabega ya aliyeifungua, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, wakakifunga kwa kitambaa pale mdomoni mwa shimo. Kila anayetaka kushuka aliwekewa kijiti mgongoni. Kama mabega yanazidi, atabaki juu kuvuta kamba. Hapo hapakuwa na ndugu wala rafiki, na hata mkubwa wa timu, tuliyemwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama vile ana ofisi na gari, naye alikiheshimu kijiti. Hicho unachokiona juu ya mlango wa chumba cha baba yako, ulichotaka kukitumia siku ile kukorogea rangi nami nikakupokonya, ni hicho.

Basi Dieudonné akampenda mama yako, Béa. Tukaenda kwa kina Béa kujitambulisha, tumevaa vizuri, nimeazima kitenge. Kaka zake walikuwa wanaume wa vifua, wanaofanya kazi ya kulinda mageti ya watu. Mmoja akamtazama baba yako kuanzia viatu mpaka kichwa, halafu akamuuliza mama yako mbele ya watu wote, "Uyu njo bwana, ao banamutuma aite bwana?"

Watu walicheka, eti huyu mwembamba si bwana, ni mtoto aliyetumwa kumwita bwana. Mimi pia nilicheka kidogo, maana ilichekesha. Baba yako alicheka kuliko sisi wote. Lakini tulipofika nyumbani, nikiwa navua viatu, akaniambia mimi dada yake, "Yaya, mi nataka nionekane muntu."

Wakati huo, kwa vijana wa upande wetu, sale zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja tuliyemwita Tata Sandoa, kwa kuwa kwao ni Sandoa. Ujanani alibeba magunia kwenye stesheni ya Dilolo, na mgongo wake ulikuwa bado umenyooka. Sale yake ilikuwa ghala bovu lisilo na paa. Hakuwa na mashine hata moja. Alikuwa na kamba, magunia ya mchanga, na mabenchi ya kanisa yaliyokatika miguu. Wachimbaji wakienda kwake aliwapandisha katikati ya kuta mbili, mgongo huku na miguu kule, kama wanavyopanda shimoni. Aliwapitisha kwa tumbo chini ya yale mabenchi, kitambaa kibichi mdomoni, polepole. Wakifika mwisho hakuwaruhusu kusimama. Walirudi kinyumenyume njia ile ile. "Kuingia kila muntu anajua," alikuwa anasema. "Mi nafundisha kutoka."

Vijana walichoka naye. Kwake hapakuwa na muziki wala mtu wa kukutazama, na mwili haukuonyesha kitu. Ulitoka jasho miezi na miezi, shati likabaki lile lile.

Siku tuliyokwenda huko, na hii ndiyo siku ninayokuambia hainitoki, nilikuwa na baba yako kwa kuwa nilimpelekea mzee chakula alichoagiza. Mzee alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mgeni swali moja kabla hajamgusisha hata kamba. Akamuuliza, "Huu mubili, unautaka wa kazi gani?"

"Nataka nikuwe mukubwa, Tata. Kifua, mabega. Batu baone."

"Na kazi unafanya gani?"

"Shimo. Mi njo nafunguaka galeri."

Mzee akaacha kula. Akaosha mikono, akaja akasimama mbele ya baba yako, akaweka viganja vyake viwili juu ya mabega yake, kimoja huku kimoja huku. "Basi hii mubili yako ya leo njo chombo yako ya kazi," akasema. "Ukiibadirisha, ubadirishe na kazi. Uvute kamba, ubebe magunia, uende Dilolo ufanye biashara. Lakini usikuze mabega halafu urudi mu galeri uliyochimba ukiwa mwembamba. Unanisikia, mutoto yangu? Chagua kimoja."

Baba yako akasema, "Ndiyo, Tata," ile ndiyo ya kumnyamazisha mtu. Mzee aliijua. Akanigeukia mimi. "Mama, na wewe unasikia?"

"Nasikia, Tata."

Na nilisikia kweli. Jioni ile nilimwambia, Glody, usifikiri sikumwambia. Nilimwambia nikiwa napika, nikamwambia tena tukiwa tunakula, mpaka akaacha kula. "Dieu, yule muzee anajua anachosema." Akanijibu, "Yaya, ule muzee hata batu habamuone." Nilirudia kesho yake. Nilirudia mpaka akawa akiniona nafungua mdomo anavaa viatu.

Akaenda sale ya pili. Ilikuwa kwenye njia ya depo za wanunuzi wa madini, na ukutani walikuwa wameweka vioo toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Muziki ulisikika kutoka mbali. Vyuma vyao vilikuwa magurudumu na meno ya mashine mbovu za migodini, yamechomelewa kwenye mabomba na kupakwa rangi nyekundu. Koch wa pale alikuwa kijana mwenye shingo nene, mchangamfu, si mtu mbaya. Hakumuuliza baba yako swali lolote. Alimwambia tu, "Tunaanza leo?" na wakaanza. Halafu kulikuwa na unga wa kwenye makopo yasiyo na karatasi, wa kukoroga na maziwa. Sijui mpaka leo ulikuwa unga wa nini.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, baba yako alikuwa mtu mwingine. Mashati yake niliyafumua ubavuni nikayaongezea kitambaa, na kwa nini nikudanganye, nilikuwa nayashona kwa furaha. Alikuwa mzuri. Alipopita barabarani watu walimpisha. Siku ya ndoa yule kaka yake Béa alisimama mlangoni kumpokea, akamwita shefu, yaani mkubwa, akamletea kiti. Baba yako alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote ili aone kama nimeona. Nikamwitikia kwa kichwa. Nimeona, mdogo wangu.

Hapo watu wakisimulia habari hii wanakosea. Wanasema ile sale ya vioo ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Aliiomba kitu ikampa kitu kile kile alichoomba, haikumwibia wala kumdanganya. Ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaumu, na mtu akikosa wa kumlaumu, uchungu wake hauna pa kwenda.

Asubuhi moja PDG akamwekea kijiti mgongoni, kijiti cha mabega yake mwenyewe, na mabega yakazidi huku na huku. Timu nzima ilikufa kwa kicheko. Nilisikia kicheko hicho kutoka kwenye mstari wangu wa mawe. Naye alicheka, akapiga kifua, akahamia juu kwenye kamba. Alivuta peke yake mzigo wa watu wawili. Na laiti mambo yangebaki hivyo, mwanangu. Hivyo ndivyo Tata Sandoa alivyosema: badilisha mwili, badilisha na kazi. Kwa bahati tu tulikuwa tumeufuata ushauri wake.

Galeri ikapewa Fiston. Alikuwa kijana aliyetoka mbali, hakuwa na ndugu hapa, na aliniita Mama kwa sababu ya bukari. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa vibaya kabisa, na ukimwambia anyamaze anaanza upya. Baba yako alimpenda. Alimfundisha ile njia kona kwa kona, kwa kuchora chini kwa kidole: hapa ulale ubavu, hapa toa pumzi yote ndipo upite, hapa usiguse juu. Kijiti kilimwenea Fiston sawasawa.

Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Nilikuwa nakoroga bukari, nikainua macho nikaona watu wa kamba wamesimama. Hakuna aliyepiga kelele, na mimi nilijua kwa huo ukimya, maana mahali pale kelele zilikuwa za kawaida. Nikamwuliza mmoja aliyekuja mbio upande wangu kutafuta maji, akaniambia udongo umeshuka ndani ya galeri. Haukuziba yote. Fiston yuko nyuma ya kona ya pili, mzima, mguu umebanwa, anaita.

"Anaita nani?"

"Anaita Dieu."

PDG alisema wangoje. Shimo la jirani lilikuwa na vijana wembamba, ameshatuma mtu kuwaita, hawako mbali. Baba yako akasema, "Galeri ni yangu. Mi njo niliifungua." Mtu mmoja akamkumbusha kijiti. Baba yako akakichomoa kwenye kitambaa chake bila kukitazama, akakisokomeza kwenye mkanda, akashuka nacho. Mpaka leo simlaumu kwa hilo. Kuna mtu anaita jina lako kutoka chini ya ardhi, utasimama juu upimwe mabega?

Yaliyotokea chini alinisimulia mara moja tu, mwaka ule ule, na hakuyarudia. Kona ya kwanza alitoa pumzi akapita, ngozi ikachubuka. Kona ya pili aliona taa ya Fiston, aliona na mkono wake. Akatoa pumzi yote, akajisukuma, mabega yakashika. Akasukuma tena. Vidole vyao viligusana, wakashikana. Halafu alipotaka kurudi nyuma ili ageuze mwili aingie vingine, hakuweza. Alisema hapo ndipo alipoyakumbuka yale mabenchi ya Tata Sandoa, na kule kurudi kinyumenyume. Mikono yake ile mikubwa, iliyoinua magurudumu ya mashine, haikuwa na nafasi hata ya kukunjika.

Alikuwa ameziba njia kama kizibo kwenye chupa. Hewa iliyokuwa inamfikia Fiston ilikuwa inapita pale alipokuwa yeye. Udongo haukumuua Fiston, Glody. Nataka ulijue hilo, maana baba yako analijua. Alianza kuimba, eti ili Dieu asiogope. Halafu akaacha. Baba yako alimshika mkono mpaka ule mkono ukaacha kumshika yeye.

Wale vijana wembamba walifika. Hawakukawia, walifika kama PDG alivyosema. Walichokikuta ni nyayo za baba yako. Wakamfunga kamba miguuni wakamvuta, na ngozi ya mabega ikabaki kwenye jiwe. Alipotolewa juu anahema, mmoja wao akaingia, akapita kona zote mbili bila shida, akamfikia Fiston. Alipita bila shida, mwanangu. Angepita hata mapema.

Mimi sijui niliuvuka mstari wa mawe saa ngapi. Nilijikuta mdomoni mwa shimo, mwiko wa bukari uko mkononi, na hakuna mwanaume aliyenifukuza. Baba yako alikuwa amekaa chini, damu inamtoka mabegani inaingia kwenye shati nililoliongezea kitambaa, na alikuwa anauliza neno moja tu, anamuuliza kila mtu: "Ametoka?"

Kwenye matanga Tata Sandoa alikuja. Nilimwogopa. Nilidhani atasema, si niliwaambia. Akakaa karibu na baba yako, akaweka viganja vyake pale pale alipoviweka siku ile, juu ya bandeji sasa, akalia mbele ya watu, mzee yule. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza. Akaniambia, "Mama, mi niliuliza, na wewe ulisema. Haikusaidia kitu." Akaenda zake. Alifariki miaka baadaye, ghala likavunjwa, na sijaona mtu mwingine Kolwezi anayefundisha kutoka.

Baba yako hakugusa tena chuma, hakushuka tena. Mabega yale yaliyeyuka kidogo kidogo mpaka yakarudi kuwa haya unayoyaona. Lakini ulipokuwa mdogo ulikuwa unamcheka na kumwigiza kwa sababu anapita mlangoni kwa ubavu. Unakumbuka? Nilikuchapa, ukalia, ukauliza umekosa nini, sikukuambia. Milango yote anapita kwa ubavu, hata mlango wa kanisa ambao gari lingepita. Ameshakonda zamani. Mwili umesahau, yeye hajasahau.

Sasa nije kwako.

Wiki iliyopita yule bwana anayechimba ndani ya uwanja wa jirani alikuja kutusalimu. Hapa mtaani kwetu Kasulo watu wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao, ukuta wetu wa jikoni umepasuka kwa sababu yake, na hajawahi kuja kusalimu. Siku ile amekuja na sukari. Hakunitazama mimi. Alitazama mabega yako. Ninayajua macho yale, nimewapikia chakula wenye macho yale. Na kesho yake wewe ukaja na swali lako la sale, unataka nguvu. Sikuuliza nguvu za nini, wewe nawe hukusema.

Mimi sina kazi nyingine ya kukupa, na ndicho kinachoniua. Ungeniambia, "Tantine, nisiposhuka nifanye nini?" ningerudi kwenye sombe yangu. Diploma yako iko ukutani, umezunguka nayo ofisi zote mpaka kona zake zimeoza. Sitajifanya mwanamke mwenye majibu. Nina ushauri wa sale tu, kwa kuwa ndio ulioniuliza, na hata huo siutegemei, maana mwenzako niliyemshauri kabla yako yuko pale kwenye kiti.

Sikia basi. Usichague sale kwa vioo wala kwa muziki, wala kwa wasichana wanaokaa mlangoni. Usiichague kwa sababu rafiki zako wako pale, maana rafiki zako hawana kazi yako wala mwili wako. Kabla hujavua shati jiulize unautaka mwili huo wa kazi gani, na ujibu kwa sauti, peke yako, bila aibu. Kama ni pumzi unatafuta, tafuta mahali watakapokukimbiza na kamba, si mahali watakapokulaza chini ya vyuma. Kama ni afya tu, iliyo karibu na nyumba inatosha, ile utakayokwenda hata siku umechoka. Angalia koch: kama hakuulizi kitu, kama hataki kujua mchana unafanya nini na kifua chako kinapigaje filimbi wakati wa vumbi, ujue anafundisha vyuma vyake, hakufundishi wewe. Makopo yasiyo na jina usiyaguse. Na siku mwili wako ukibadilika, simama uangalie upya kila mahali ulipozoea kupita.

Hayo ndiyo ningemwambia mtoto wa mtu mwingine. Kwako wewe nina neno tofauti, na si langu.

Leo asubuhi nilikwenda uani nikamwambia baba yako, "Dieu, mutoto anauliza sale. Anataka ile mupya ya barabarani, ya vioo, ao ya nyuma ya parokia. Na ule bwana wa jirani alikuja na sukari." Nilidhani hajanisikia, nikaanza kuondoka. Akasema, na ni siku nyingi sijaisikia sauti yake, "Aende ya vioo. Apanuke. Apanuke mbele bamuite."

Umeelewa? Anataka upanuke kabla hawajakuita shimoni. Kijiti kile nimekupimia juzi ukiwa umelala, nisamehe. Kinakuenea, ncha kwa ncha. Yule bwana hakukosea. Kwa hiyo nenda sale ya barabarani, mwanangu, yenye vioo na muziki, na unyanyue chochote watakachokupa. Kula, nitakupikia. Jaza mlango. Mashati nitakufumulia na kukuongezea kitambaa kama nilivyomfanyia mwenzako. Kuwa mpana mpaka bwana wa jirani akija akutazame, achukue sukari yake arudi nayo kwake.

Na ukishakuwa mpana, usishuke. Akiita rafiki yako, usishuke. Akiita kwa jina lako, ngoja wembamba wafike. Ninakuambia hivi na ninajua wewe ni mtoto wa nani, na ninajua ungefanya nini. Lakini nimesema. Tata Sandoa naye alisema.

Haya, inama kidogo, mkono wangu haufiki tena kichwani kwako. Mungu wa baba zetu akupe kula na usingizi. Akupe kazi ya juu ya ardhi, yoyote, hata ndogo. Na akupanue mabega, mwanangu Glody, mpaka mdomo wa kila shimo la Kolwezi ukukatae.